Dawa za Kusaidia katika Maumivu ya Kansere

Somo hili ni la wagonjwa wa kansere, na la wale wanaowatunza nyumbani. Kansere ndiyo ugonjwa ambao wengine huita kansa au saratani. Ni nyama ya mwili inayoota pasipo kufuata mpango wa mwili. Huota katika ziwa la mama, katika mlango wa tumbo la uzazi, katika ini, katika tezi ya wanaume inayoitwa prostati, na pahali pengine pengi. Wakati mwingine wanganga wanaweza kuiondoa kwa kisu au kuishinda kwa dawa, zaidi ikionekana mapema. Wakati mwingine haiwezekani tena. Lakini hata kama kansere haiponi, kuna kazi moja inayowezekana karibu siku zote, nayo ni kutuliza maumivu.

Watu wengi hawajui neno hili. Wanafikiri kwamba kansere na maumivu haviwezi kuachana, na mgonjwa hana budi kulia usiku kucha mpaka mwisho wake. Si kweli. Mgonjwa anaweza kulala, kuketi pamoja na watoto wake na kula chakula kidogo, kama dawa zake zinapangwa vizuri na kama yeye mwenyewe anasema wazi namna anavyoumwa.

DAWA KUBWA ZA MAUMIVU

Katika mwaka 1986 Shirika la Afya la Dunia, linaloitwa OMS, lilitoa kitabu cha kufundisha wanganga namna ya kutuliza maumivu ya kansere. Kitabu kile kilionyesha ngazi ya vipandio vitatu. Kipandio cha kwanza ni dawa kama parasetamoli na ibuprofeni, kwa maumivu madogo. Cha pili ni kodeini, kwa maumivu ya katikati. Cha tatu ni morfini, kwa maumivu makali. Tangu mwaka 2018 OMS inafundisha kwamba si lazima kupanda kipandio kimoja kimoja. Mtu mwenye maumivu makali anaweza kuanza na morfini mara moja.

Morfini hunywewa kama maji katika kijiko au bomba dogo la kupimia. Katika mwaka 1993 munganga Anne Merriman alianzisha kazi huko Kampala, katika inchi ya Uganda, ya kutunza wagonjwa wa kansere nyumbani kwao. Wanatumia unga wa morfini uliochanganywa na maji, dawa isiyo ya bei kubwa. Kazi ile ilionyesha watu wengi wa Afrika kwamba mgonjwa wa kijijini anaweza kupata dawa hii pasipo sindano na pasipo kitanda cha hospitali.

Morfini ya maji hunywewa kwa saa, si kwa kilio. Nguvu yake hukaa karibu saa nne. Basi mgonjwa hunywa asubuhi jua likipanda, tena nyuma ya saa nne, tena nyuma ya saa nne, vivyo hivyo kama munganga alivyoandika. Asingoje mpaka maumivu yarudi. Moto mdogo huzimwa kwa kikombe cha maji, lakini moto uliokwisha kushika paa la nyumba hauzimwi upesi.

SABABU GANI DAWA MOJA HAITOSHI

Sasa tunafika kwenye neno kubwa la somo hili. Wagonjwa wengine wanakunywa morfini sawasawa, lakini pahali pamoja pa mwili panaendelea kuuma. Wanasema, “Dawa ya hospitali imeshindwa.” Haikushindwa. Inahitaji wasaidizi.

Fikirini watu wanaochonga mtumbwi msituni. Mtumbwi ukiisha kuchongwa, lazima kuuvuta mpaka mtoni. Wako wanaume wenye nguvu wanaovuta kamba. Lakini kuna wengine pia: mmoja anakata njia kwa upanga, mwingine anaweka miti chini ili mtumbwi uteleze, mwingine anaushika usianguke upande. Hawa hawavuti kamba, lakini pasipo wao mtumbwi hautafika. Tena, wao peke yao, pasipo wavutaji, hawawezi kitu.

Morfini ni mvutaji wa kamba. Dawa za kusaidia ni wale wengine. Nyingi kati yao hazikutengenezwa kwa ajili ya maumivu. Zilitengenezwa kwa ugonjwa mwingine, na baadaye wanganga waliona kwamba zinatuliza maumivu ya namna fulani. Kila moja ina kazi yake, na haifai kuweka moja pahali pa nyingine.

MAUMIVU YA NAMNA MBALIMBALI

1. Maumivu ya mishipa ya fahamu

Mishipa ya fahamu ni nyuzi zinazopeleka habari kutoka mwilini mpaka kichwani. Ukikanyaga mwiba, mishipa hii inapeleka habari: “Mguu umechomwa.” Inafanya kazi kama ngoma ya lokole iliyopeleka habari toka kijiji mpaka kijiji. Lakini kansere ikikandamiza mshipa au ikiula, mshipa huharibika na kupeleka habari za uongo. Ni kama mpiga ngoma aliyeshikwa na homa, anayepiga usiku na mchana pasipo habari yo yote.

Mgonjwa wa namna hii husema, “Ninaungua kama mtu aliyepakwa pilipili,” au, “Kitu kinanipiga kama umeme.” Mara nyingi pahali pale pana ganzi, na hata nguo ikipagusa panauma. Mama mwenye kansere ya mlango wa tumbo la uzazi anaweza kusikia moto ukishuka katika mguu, hali mguu wenyewe hauna kidonda. Kansere iliyo ndani inakandamiza mishipa inayokwenda mguuni.

Kwa maumivu haya morfini inasaidia, lakini mara nyingi haitoshi. Msaidizi wake ni amitriptilini, dawa iliyotengenezwa kwa watu wenye huzuni kubwa ya moyo. Wasaidizi wengine ni dawa za kifafa, kama gabapentini na karbamazepini. Katika mwaka 1962 munganga mmoja wa inchi ya Swidi aliandika kwamba karbamazepini ilituliza maumivu makali ya mishipa ya uso. Maana yake si ngumu. Dawa inayotuliza mishipa ya kichwa wakati wa kifafa inaweza pia kutuliza mshipa ulioumizwa na kansere.

Amitriptilini huanzwa kwa kipimo kidogo, jioni, kwa sababu inaleta usingizi. Kipimo huongezwa polepole. Msikilizeni neno hili vizuri: haitulizi maumivu siku ile ile. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata majuma mawili. Mtu asiitupe nyuma ya siku mbili akisema haina nguvu. Inaweza kukausha kinywa, kufunga choo, na kuleta kizunguzungu mtu akisimama upesi. Mzee anayekojoa kwa shida, au mtu mwenye ugonjwa wa moyo, amwambie munganga mbele ya kuanza.

2. Maumivu ya kuvimba na kubanwa

Kansere ikiota, nyama iliyo karibu nayo huvimba. Ini likivimba, ngozi nyembamba inayolifunika huvutwa, na mgonjwa husikia kujaa na kubanwa chini ya mbavu za kuume. Kansere ikiwa ndani ya kichwa, mgonjwa huumwa kichwa, zaidi asubuhi, na kutapika.

Msaidizi hapa ni deksametazoni. Dawa hii inapunguza uvimbe ulioizunguka kansere, lakini haiondoi kansere yenyewe. Mara nyingi inaleta pia hamu ya kula. Hunywewa asubuhi pamoja na chakula, kwa maana ikinywewa jioni inamnyima mtu usingizi. Ina hatari zake. Inaweza kupandisha sukari ya damu, kuumiza tumbo, na kuleta utando mweupe kinywani. Ikichanganywa na ibuprofeni au diklofenaki, tumbo linaweza kutoka damu. Na mtu aliyeinywa kwa majuma mengi asiiache ghafula. Munganga ataipunguza kidogo kidogo. Wengine huinunua sokoni ili wanenepe. Msifanye hivyo kamwe.

3. Maumivu ya tumbo yanayokamata na kuachia

Mgonjwa mwingine huumwa tumbo kama uchungu wa kuzaa. Yanakamata, yanaachia, yanakamata tena. Ni matumbo yanayojikaza. Msaidizi wake ni hiosini butilibromidi, inayolegeza matumbo. Lakini kama tumbo limejaa, mgonjwa anatapika, wala hapati choo wala upepo, labda tumbo limefungwa ndani. Mpelekeni hospitali, msimpe dawa ya kuharisha.

4. Maumivu ya mifupa

Kansere ya ziwa na ya prostati hupenda kuingia katika mifupa. Mgonjwa anaumwa pahali pamoja, zaidi akigeuka kitandani au akitembea. Ibuprofeni inaweza kumsaidia morfini katika kazi hii, ikinywewa na chakula, kama figo na tumbo la mgonjwa ni vizuri. Deksametazoni pia inasaidia wengine. Pahali penye mashine za miali, kuchoma mfupa ule kwa miali kunaweza kuondoa maumivu kwa miezi mingi.

5. Maumivu ya kidonda

Kidonda cha kansere huuma zaidi wakati wa kukifunga. Mpeni mgonjwa dawa yake ya morfini nusu saa mbele ya kukiosha. Msivute kitambaa kilichokauka. Kiloweni kwanza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita pamoja na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Kama kidonda kinanuka, mwuguzi atawaonyesha namna ya kusaga vidonge vya metronidazoli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Harufu itapungua. Jambo hili si dogo. Harufu huwafukuza wageni na hata watoto, na mtu aliyeachwa peke yake chumbani anaumwa mara mbili.

“HII NI DAWA YA WAZIMU!”

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mama amepewa amitriptilini hospitalini. Amerudi nyumbani. Shemeji anayeuza dawa, au mtoto aliyesoma, anatazama vidonge na kusema, “Hii ni dawa ya wenye wazimu. Wale wanganga wanafikiri umerukwa na akili!” Mama anasikia haya, anavitupa nyuma ya nyumba. Au amepewa gabapentini, na jirani anasema, “Mbona wanakutibu kifafa?” Vidonge vinatupwa. Nyuma ya siku chache moto wa mguu unarudi. Jamaa wanaona morfini haitoshi, wanaongeza vijiko pasipo kuuliza. Mama anashikwa na usingizi mzito, na mguu bado unaungua.

Ubaya ulitoka wapi? Haukutoka katika dawa. Ulitoka kwa kuwa hakuna aliyeeleza. Basi kumbukeni: kisu kimoja kinakata mihogo, kinakata pia kamba. Hatusemi kamba imekuwa mihogo. Vivyo hivyo dawa moja inaweza kufanya kazi mbili. Mama huyu hana wazimu, wala hana kifafa. Ana mshipa ulioumizwa, na dawa ile inautuliza. Tena kipimo chake kwa kawaida ni kidogo kuliko kile kinachopewa wenye huzuni kubwa. Ukipewa dawa usiyoielewa, una haki ya kuuliza: “Munganga, hii ni ya kazi gani katika mwili wangu?” Swali hili si la kiburi. Ni swali la mwenye akili.

WASAIDIZI WA KUONDOA TAABU ZA MORFINI

Morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na taabu hii haipiti yenyewe. Kwa hiyo munganga ataandika pia dawa ya kulegeza choo, kama sena au bisakodili. Mgonjwa aliyepewa morfini pasipo dawa ya choo aiulize, kama si mwenye kuharisha. Maji mengi na papai bivu yanasaidia pia, kama anaweza kula. Wengine waliacha morfini kwa sababu ya choo tu, wakarudi kwenye kilio.

Katika siku za kwanza morfini inaweza pia kuleta kichefuchefu na usingizi. Mara nyingi vinapungua nyuma ya siku chache. Kama mgonjwa anatapika, kuna dawa ya kusaidia hapo pia, kama metoklopramidi. Mwambieni mwuguzi.

NAMNA YA KUELEZA MAUMIVU

Munganga hawezi kuona maumivu kwa macho yake, wala hakuna mashine inayoyapima. Mgonjwa peke yake ndiye anayejua. Akisema tu, “Ninaumwa,” munganga hajui ni msaidizi gani aitwe. Mbele ya kwenda hospitali, mgonjwa na mtunzaji wake wajibu maswali haya:

Ni pahali gani panauma? Onyesha kwa kidole. Kama ni pahali patatu, onyesha pote patatu, kwa maana kila pahali panaweza kuhitaji dawa yake.

Panauma namna gani? Panaungua? Panachoma? Panabana? Panakamata na kuachia?

Panauma wakati gani? Usiku? Ukitembea? Ukila? Mbele kidogo ya saa ya dawa?

Panauma kadiri gani? Tumia mkono wako. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyoweza kuzidi. Hata mtoto anaweza kuonyesha hivi.

Dawa zipi umekwisha kunywa? Leta zote, hata zile za sokoni na za waganga wa kienyeji. Hatutakukemea. Lakini dawa mbili zisizojuana zinaweza kugombana tumboni.

MAONYO KWA WATUNZAJI

Msiongeze wala kupunguza dawa pasipo shauri. Msimgawie jirani. Wekeni dawa pahali ambapo watoto hawafiki. Mgonjwa asinywe pombe, kwa maana pombe pamoja na morfini au amitriptilini inaweza kuzuia pumzi. Parasetamoli ya mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mgonjwa wa ini au mtu aliyekonda sana aulize kwanza, maana kipimo chake ni kidogo zaidi.

Mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile mkiona mambo haya: maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kukojoa. Labda kansere inakandamiza uti wa mgongo. Deksametazoni ikitolewa mapema inaweza kuokoa miguu yake. Mkingoja juma moja, labda hatasimama tena. Mpelekeni pia akilala usingizi usioamshika, akipumua polepole mno, au akitapika damu.

JE, NI UDHAIFU KUTAFUTA NAFUU?

Wakristo wengine hukaza meno na kunyamaza. Wanafikiri kwamba kuomba dawa ni kukosa imani, au kwamba maumivu yaliletwa ili yavumiliwe. Lakini Msamaria wa mfano ule hakumwambia mtu aliyelala njiani avumilie. Alimfunga vidonda vyake na kumtia mafuta na divai. Kuvumilia jambo lisiloondoka ni vema. Kuvumilia jambo linaloweza kutulizwa kwa kijiko kimoja kunamchosha mgonjwa bure, na kunawachosha wote wanaomsikia akilia.

Wengine wanaogopa kwamba morfini itawafanya watumwa wa dawa, au kwamba ni dawa ya kumaliza maisha. Ikitolewa kwa kipimo kinachofaa maumivu ya kansere, hapana. Haiwi kama ulevi wa mtu mzima wa mwili anayetafuta furaha, wala haimharakishi mgonjwa kufa. Ila mwili unaizoea, na kwa hiyo haiachwi ghafula.

Munganga Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya Mtakatifu Christopher huko London katika mwaka 1967, alifundisha kwamba mtu anaumwa mwili, moyo, jamaa na roho pamoja. Mwanamume anayefikiri, “Nani atalipa masomo ya watoto?” hatalala vizuri, hata dawa ikiwa njema. Basi ninyi wa kanisa, ninyi pia ni wasaidizi. Mkimtembelea mgonjwa msikae mkihubiri saa nzima. Chukueni maji mtoni. Pikeni. Lipeni feza ya dawa kama mnaweza. Keeni usiku mmoja ili mke wake alale. Na mkisikia mtu akisema, “Tupa vidonge hivyo,” mjibuni kwa upole kwa yale mliyojifunza hapa.

MASWALI

1. Kwa sababu gani morfini hunywewa kwa saa, si kwa kilio?
2. Mtu anayesikia moto katika mguu usio na kidonda anaumwa nini? Msaidizi wake ni dawa gani?
3. Amitriptilini inachukua siku ngapi kabla ya kutuliza maumivu?
4. Sababu gani deksametazoni hunywewa asubuhi?
5. Morfini ikitolewa, ni dawa gani nyingine ya kuulizia?
6. Ni dalili gani za mgongo na miguu zinazotaka mgonjwa afike hospitali siku ile ile?
7. Katika kijiji chenu kuna nani anayeumwa na kunyamaza? Nani atakwenda kumwuliza, “Panauma wapi, na namna gani?”